Kwa mliopewa CSL mwaka huu: kabla hamjabeba jembe na bango

Walimu wangu wa CSL (Community Service Learning, somo la kujifunza kwa kuhudumia jamii), nyinyi mlioingia na Gredi 10 na nyinyi interni wa JSS, yaani Gredi 7 mpaka 9, mliopewa hili somo juu hakuna mwingine alilitaka stafrumu, hii ni yenu. Nimejaribu kunyamaza nimeshindwa. Kila nikifungua magrupu ya walimu naona ombi ni moja: "Nani ako na projekti ya CSL imeisha anitumie." Imeisha! Yaani unatafuta jamii iliyosaidiwa na mtu mwingine, ubadilishe jina la shule pale juu, umalize. Halafu picha sasa, darasa zima sokoni na mifagio mipya, mifagio haijaona vumbi, mwalimu mbele ameshika wa kwake kama wengine na ukiangalia vizuri chini pale walipo pamefagiwa tayari na akina mama wa soko asubuhi.

Nawapenda, ndio maana nagomba.

Zile hatua siwezi kuwafundisha, mnazijua: kutambua tatizo, kubuni suluhisho, kupanga, kutekeleza, kuonyesha na kuandika ripoti, halafu kutafakari. Mnazijua kwa mpangilio huo ila mnazifanya kwa mpangilio wenu, Ijumaa mnatekeleza, wikendi mnachagua picha, Jumatatu mnatafuta tatizo la kuandika. Na mtoto ameshaelewa mchezo, kuna mmoja aliniletea ukurasa wa kutafakari kabla hatujatoka hata geti, ameandika "nilijifunza kuwa na huruma kwa jamii". Nikamuuliza lini. Akaniambia kesho.

1. Kufagia ni kufagia.

Sisi wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 tulibeba maji, kuni na mavi ya ng'ombe kila Ijumaa kusiriba sakafu ya darasa na hakuna mtu aliyetuambia hiyo ni somo. Ilikuwa kazi. Kazi si mbaya, ila kama mtoto wa Gredi 10 amefagia soko akarudi darasani hajui kwa nini takataka zitakuwa zimerudi kesho yake, umemfundisha kitu alichokuwa anakijua tangu Gredi 2. Somo liko hapa: huyu mama wa nyanya analipa ushuru kila siku ya soko, anapewa karatasi. Ile karatasi ni ya nani? Ni ya kaunti, na ukifungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, masoko na uzoaji taka viko upande wa kaunti. Sasa mtoto aulize, lori linakuja siku gani, likikosa kuja nani anapigiwa simu, na mbona pipa liko upande wa choo ambapo hakuna mtu anauza. Hapo una uraia, una utafiti, una mawasiliano, una hesabu ya pesa, vile vitu vyote ambavyo muhtasari unasema vimo ndani ya CSL na mnaniuliza mtavipata wapi. Viko kwa ile karatasi ya ushuru.

Mfagio baadaye, kama mama mwenyewe amesema shida ni mfagio.

2. Ongea na mwenye shida kwanza. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Ilikuwa term one ya 2024, baada ya zile mvua za El Niño. Niko Ukambani, mgeni shuleni, nina Social Studies ya Gredi 8 na CSL ndani yake na nilikuwa na moto ule mnao nyinyi saa hii. Nilitaka kitu kitakachoonekana. Sasa kila asubuhi nikienda shule, boda ilikuwa inapita kona moja, hapo kona kuna nyumba ya udongo, ukuta wa upande wa barabara umeanguka mpaka fito zinaonekana, na susu mmoja mzee (susu ni nyanya kwa Kikamba) ameketi nje anapukuchua mahindi. Nikajiambia hii ndiyo jamii, imejileta yenyewe.

Nikaingia darasani nikauliza swali ambalo nikilikumbuka hata leo nafunga macho: "Nani anajua mtu maskini karibu na shule?" Watoto wakaangaliana. Hakuna aliyejibu, na ule ukimya nikauona ni ujinga wao, kumbe ni adabu. Nikajijibu mwenyewe, si kuna yule susu wa kona! Makofi. Kijana mmoja wa nyuma hakupiga makofi. Niliona. Nikadhani ana usingizi.

Tukachanga. Unga pakiti kadhaa za kilo mbili, sukari, mafuta, sabuni za mche. Nikachapisha bango mjini, limeandikwa "Kuwafikia Wasiojiweza", jina la shule, na jina la mwalimu mhusika, ambaye ni mimi. Pesa ya bango ilizidi pesa ya unga na mimi hiyo hesabu niliifanya na mkono wangu na haikunisumbua.

Siku yenyewe tulipofika pale pa kukata kuingia bomani, yule kijana akanijia akasema tumbo linauma, anaomba arudi shule. Nikamwambia, mbele ya wenzake, kwa sauti, asiniletee uvivu, ashike jembe. Akashika jembe. Tulipoingia uani akapita nyuma ya jiko na sikumwona tena mpaka saa ya kuondoka.

Sasa angalieni vile mtu anaweza kuwa kipofu na macho yako wazi. Mahindi yalikuwa yameanikwa uani kwa turubai mbili kubwa. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, watu walivuna mwaka huo. Tuliyaruka yale mahindi. Mmoja mmoja, darasa zima, tumeinua miguu kwa heshima tusikanyage mahindi ya susu, tukienda kumpa susu unga.

Susu akatusalimia wote kwa mkono, mpaka wa mwisho. Akaambiwa asimame katikati, akasimama. Akapewa pakiti, akaishika, na mimi nikaishika, na prifekti akaishika, na mwingine akatia mkono kwa chini, watu wanne na kilo mbili. Nikapanga ule ukuta ulioanguka uonekane nyuma. Picha ikatoka safi. Jioni nikaituma kwa grupu ya wazazi na ikawekwa kwa ukurasa wa shule.

Mzazi mmoja akaandika: "Si hapa ni kwa kina" halafu jina la kijana wangu wa tumbo.

Nilisoma nikaelewa hapo hapo, na bado nikarudia kusoma nikitafuta vile ningeweza kuwa nimekosea. Kijana analelewa na nyanyake, mama yake anafanya kazi Nairobi. Ilikuwa kwa rejista. Rejista yangu, ninayoiita majina kila asubuhi. Nikafuta picha lakini mnajua picha, mtu ameshaituma kwingine. Kesho yake paredi nikasikia wavulana wanaita mtu "Unga" na nikajua ni nani kabla sijageuka. Siku iliyofuata hakuja shule. Alipokuja alikuwa mpole, ananijibu "ndio mwalimu" kwa kila kitu, hata maswali ambayo jibu lake si ndio.

Nikaenda kuomba msamaha na mwalimu wa darasa. Susu akatupikia chai, akatupa na muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, hiyo ndiyo ilinimaliza. Akaniambia, polepole, "Mwalimu, mngeniuliza ningewaambia. Unga nasaga wangu. Hayo maji ya barabara ndiyo yananitesa." Akatuzungusha akatuonyesha. Barabara ilipigwa greda, mtaro ukaelekezwa juu ya boma lake, El Niño ilipokuja maji yote ya kile kilima yalipita kwake. Ule ukuta niliokuwa nauona kila asubuhi nikiusoma kama umaskini uliangushwa na mtaro. Na nyuma ya nyumba, upande ambao sisi hatukufika juu picha ilikuwa inapigwa huku, kulikuwa na msingi wa mawe umeshafika kiunoni na mabati mapya yamefunikwa. Mama ya yule kijana alikuwa anajenga.

Kijana sasa ni Gredi 10, shule nyingine. Nimesikia lile jina lilienda naye, kuna mwenzake aliitwa shule hiyo hiyo. Sina la kuongeza hapo.

Kilichofuata ndicho kingekuwa cha kwanza. Darasa la mwaka uliofuata lilikwenda kwa susu bila kitu mkononi, wanafunzi wachache tu, na ruhusa yake, na kazi yao ilikuwa kusikiliza na kuchora maji yanapita wapi. Wakaandika barua kuhusu mtaro. Ofisi moja ikasema barabara ni ya ofisi nyingine, ile nyingine ikawarudisha kwa ile ya kwanza, na niwaambie ukweli, hakuna lesoni ya uraia niliyowahi kufundisha ikaingia vile. Walitoka pale wamekasirika kwa heshima, barua ya tatu ilikuwa na Kiswahili sanifu kuliko changu. Huku barua zikizunguka, afisa wa kilimo akawafundisha kupima kontua kwa fremu ya A, yaani fito tatu zimefungwa, uzi katikati na jiwe limening'inia, unatembeza mguu kwa mguu mpaka uzi ukae kwa alama. Wakachimba mtaro wa kukinga maji juu ya boma na chini yake shambani wakaweka fanya juu, ile ambayo wazee wa Machakos wameijua miaka na miaka: unachimba kwa kontua, udongo unaurusha upande wa juu, tuta linazuia maji na udongo, juu ya tuta unapanda nyasi. Susu ndiye aliyekuwa anawakosoa. Kumbe alizichimba akiwa msichana. Nilikuwa nimempelekea mwalimu wa kilimo pakiti ya unga.

3. Picha. Usiposti mtoto bila idhini ya mzazi kwa maandishi, na usiposti anayesaidiwa kabisa. Hii si maadili tu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwaka 2023 shule moja Nairobi ilipigwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Piga picha ya mtaro. Mtaro hauna shida.

4. Miti, ai, miti.

Najua serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032 na najua mwalimu mkuu anapenda mti juu mgeni akija anaonyeshwa. Lakini angalieni kalenda na mvua kabla ya kuniandikia "tutapanda miche 500 term two". Huku kwetu term two katikati ni kiangazi, Juni mpaka Septemba hakuna kitu kinashuka. Mvua ya maana inaanza kuelekea Novemba na wakati huo watoto wamefunga shule. Kwa hivyo ule mche unapandwa kwa sherehe, wimbo, kibao cha jina, halafu unakunywa maji wiki mbili, halafu mbuzi. Kila shule ina mahali ambapo miti hupandwa kila mwaka, mahali pale pale, kwa mashimo yale yale, sijui kama mmewahi kujiuliza kwa nini kuna nafasi.

Kama lazima iwe miti, mpe kila mtoto mche mmoja apande nyumbani akifunga shule, mvua ikianza, yeye ndiye atakuwepo. Na waulizeni watu wa hapo ni mti gani. Huku watakwambia mukau, unavumilia ukame na mbao zake mchwa hawazipendi, wala hakuna mkulima atakayeacha mbuzi ale pesa yake. Ukileta mti wa kivuli wa kutoka nasari ya mjini watakushukuru, watapiga makofi, hawatautilia maji.

5. Pesa: risiti, daftari moja, watoto wawili wanaoshika hesabu, na wewe usiwe mmoja wao.

6. Ruhusa: barua kwa mwalimu mkuu, kwa wazazi, simu kwa chifu, na mwenye boma au mwenye kioski aulizwe kabla ya wote hao, kwa lugha anayoongea, na awe na nafasi ya kusema hapana. Akisema hapana shukuru uende, usimrudie na chifu.

7. Chagueni kitu cha kutembea kwa miguu. Nimeona shule inakodisha basi kwenda kaunti ya pili kutafuta shida, na kisima cha jirani pale nyuma ya bweni kimeharibika tangu mwaka jana. Tena ukienda mbali huwezi kurudi, na hii kazi ni ya kurudi. Mara ya kwanza watu wanakwambia wanachodhani unataka, mara ya pili wanakuambia shida ya jirani, ya kwao unaipata ukiwa umeshazoeleka mpaka mbwa hakubwekei.

8. Alama. Acheni kuwapa wote ME (amefikia matarajio) ili muende nyumbani mapema. Mtoto ambaye projekti yake ilianguka lakini anaweza kukuelezea ilianguka wapi na angefanya nini tofauti, huyo ndiye EE wangu (amezidi matarajio), na yule aliye na potfolio ya rangi tano imebandikwa pambo na kila kitu "kilifaulu", tuketi tuongee. Na ukiona sentensi moja imetokea kwa ripoti nane usipige kelele, waulize mmoja mmoja jina la mtu waliyeongea naye na alikuwa anafanya nini walipomkuta. Aliyefika atakuambia alikuwa anachambua mboga na alikuwa amekasirikia mwanawe. Ambaye hakufika atakuambia alikuwa "mwanajamii".

Hii ya kunakili nayo! Grupu moja ya Gredi 9 ilifanya taka za soko ikaleta suluhisho: kaunti ipige marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea. Nikawauliza ilipigwa marufuku lini. Hawakujua. Agosti 2017, nyinyi mlikuwa bado wadogo. Walikuwa wamepata ripoti ya zamani mahali, wakabadilisha jina la soko, mambo ambayo nadhani walijifunza kwa watu wazima fulani ambao sitawataja ila wako kwa magrupu yetu.

9. Siku ya maonyesho, alikeni wale watu mliowafanyia kazi na muwape viti vya mbele. MCA, yaani mwakilishi wa wadi, hapana. MCA akija atahutubia mpaka pilau ipoe, atatoa ahadi ya basi, na watoto watakuwa wamesimama na chati zao juani hakuna mtu amezisoma.

Lile grupu la mifuko niliwarudisha sokoni. Wakahesabu taka kweli safari hii, wakapima kwa magunia, wakachora chati yao safi kabisa kwa manila: plastiki ndiyo nyingi, karatasi za mikate, chupa, vifuniko. Siku ya maonyesho mama mmoja wa mboga akasimama mbele ya ile chati muda mrefu, mkono kiunoni, akawauliza, "Mlikuja siku gani?" Wakasema Alhamisi. Akacheka mpaka wengine wakaja. Akawaambia Alhamisi hakuna soko, hizo ni takataka za maduka ya pembeni, wakuje Jumatatu waone maganda ya embe na majani ya kabichi vile yanafika magotini, na hayo ndiyo yananuka na ndiyo yanaleta inzi, chupa yeye anauza.

Watoto wakanitazama mimi, niwaokoe. Nikatazama kwingine. Mmoja akatoa kalamu akapiga mstari kwa ile safu ya plastiki, akaandika pembeni "Alhamisi tu", akamuuliza mama Jumatatu afike saa ngapi. Mama akamwambia saa kumi na moja jioni, wakati wanafunga, na aje na viatu vya mpira.